UZI: Boksi la Queen la santuri 18, nimelisikiliza lote kuanzia 1973 mpaka 1995, njooni tuongee

#1

Wakuu heshima zenu. Huu uzi ni mrefu kwahiyo mwenye haraka apite tu arudi jioni. Nimemaliza wiki tatu nikisikiliza boksi la Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, lile lililotoka Septemba 2015 lenye albamu zao zote 15 za studio, kuanzia ile ya kwanza ya 1973 mpaka ya mwisho ya 1995 iliyotoka Freddie Mercury, mwimbaji wao, ameshafariki miaka minne nyuma. Santuri 18 kwa jumla, kila albamu na rangi yake, na kitabu kipana cha kurasa 108 kimejaa mapicha na mashairi waliyoandika kwa mkono. Dada yangu alikuwa anakuja likizo kutoka Uingereza akanibebea, kona moja ya boksi imebonyea njiani ila ndani hakuna hata santuri moja iliyopata mkwaruzo, alhamdulillah.

Kwanini naandika. Huku kwetu Queen kila mtu anaijua lakini ukimwambia ataje nyimbo atakutajia tano sita, zile zinazopigwa uwanjani na kwenye matangazo ya TV. Siyo kosa lake, ule mkusanyiko wao wa hits wa 1981 ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, dunia nzima imewajulia humo. Lakini wale hawakuwa watu wa kutoa nyimbo mojamoja wakaziokoteza, walikuwa wanajenga albamu, upande wa kwanza unaanza hivi na unaishia hivi ili ukigeuza upande wa pili ukukute uko tayari, sasa ukisikiliza hits peke yake ni kama umeingia harusini wakati wa kugawa keki ukatoka. Na sisi tuna sababu yetu ya kujali. Farrokh Bulsara kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, baba yake alikuwa keshia wa mahakama, mtoto akapelekwa shule ya bweni Panchgani kule India akiwa na miaka minane, akarudi Mji Mkongwe 1963, halafu 1964 yakaja Mapinduzi, familia ikaondoka kwenda Feltham pembeni ya London. Jina la Freddie Mercury likaja baadaye. Ukipita Shangani leo kuna jumba la kumbukumbu yake, watalii wanapanga foleni, ila vijana wa mtaa huohuo wengi hawajawahi kukaa chini na albamu yake hata moja mwanzo mpaka mwisho.

Mimi nimewajua kwa kaseti ya mjomba wangu, yule wa Unguja ambaye ujana wake alikuwa anapuliza klarineti kwenye beni za harusi. Kaseti yenyewe ilikuwa ni ile albamu yao ya 1975, A Night at the Opera. Waliotumia kaseti wanakumbuka kile kijisponji kidogo ndani kinachoisukuma tepu iguse kichwa cha redio. Kile cha kaseti ya mjomba kilidondoka kwa joto na unyevunyevu, gundi ikaachia, mjomba akakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo akabandika, kikawa kinene kupita kiasi, tepu ikawa inakokoteka na trebo yote, zile sauti kali za juu, ikapotea. Kwahiyo mimi utoto wangu wote nimewasikia Queen kama wanaimba chumba cha pili mlango umefungwa, nikaamini ndivyo walivyo.

Sasa fikiria hiyo albamu umeizoea hivyo miaka ishirini na kitu halafu unashusha sindano kwenye santuri mpya. Kuna wimbo Freddie anaimba polepole wa mapenzi kwenye upande wa pili, mle ndani kuna kinubi, Brian May, mpiga gitaa wao, alikipiga mwenyewe, alikuwa hakijui vizuri akarekodi kipande kimoja kimoja wakaunganisha. Mimi kinubi hicho sikuwahi kujua kama kipo. Kilipoingia nilisimama nikasogea kwenye spika ya kushoto nikainama kabisa.

Nitaendelea, ngoja nikaswali.

#2

Siti ya mbele. Mkuu kabla hujaendelea tufafanulie wengine, hii remasta ni nini hasa? Maana naona kila bendi ya zamani inatoa remasta kila baada ya miaka, mi huwa nahisi ni njia ya kutuuzia kitu kilekile mara ya tatu.

#3

Mkuu swali zuri na wasiwasi wako una haki, zipo remasta za kukamua hela tu, wanapandisha sauti wanabandika stika mpya kwenye kava basi.

Iko hivi. Bendi ikiingia studio kila chombo kinarekodiwa kwenye njia yake kwenye tepu pana. Hizi wanazichanganya wanapata tepu moja ya njia mbili, kushoto na kulia, hiyo ndiyo masta. Remiksi ni kurudi kwenye zile njia za mwanzo ukazipanga upya, ni sawa na kufumua gauni mishono yote ukalishona tena. Remasta gauni huligusi mshono, unaliosha, unalipiga pasi, unatoa madoa. Wimbo ni uleule, uwiano wa gitaa na sauti ni uleule waliouamua wenyewe mwaka ule.

Hizi masta zilisafishwa kwa ajili ya miaka 40 ya bendi, zikatoka kwenye CD mwaka 2011 kwa mafungu matatu ya albamu tano tano. Aliyefanya kazi ni Bob Ludwig kule Portland, Maine. Huyu mzee si mtu mdogo, mwaka 1969 alichonga mifereji ya santuri ya Led Zeppelin II kwa besi na nguvu kiasi kwamba sindano za pleya za bei rahisi zikawa zinaruka, kampuni ikaagiza ichongwe upya kwa upole, na zile kopi zake za kwanza leo watu wanazitafuta kama lulu. Kwa Queen alirudi kwenye tepu za masta za kwanza kabisa, hakuchukua kopi ya kopi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza ukiona neno remasta mahali popote, wametoa kwenye tepu gani. Tepu ni utepe wa plastiki umepakwa unga wa sumaku, kila ukiinakili unaongeza mvumo na unapunguza uwazi. Kama chanzo ni kibovu hakuna fundi atakayekusaidia.

Na kwa Queen tepu zilitumika haswa. Ule wimbo wao wa dakika sita wa 1975, Bohemian Rhapsody, sehemu ya kwaya peke yake walikaa nayo wiki kama tatu, Freddie, Brian na Roger Taylor mpiga ngoma wanaimba, wanaimba tena juu yake, wanabana nafasi, wanaimba tena, May mwenyewe amesimulia kwamba tepu ilipita kwenye mashine mara nyingi mpaka ukiiinua kwenye mwanga unaona ng'ambo, ule unga umelika. Walikuwa watu watatu tu kwenye zile sauti, ukisikia unadhani ni kanisa zima. Na pale panaposemwa Bismillah, mtu wa Unguja lazima ainue kichwa. Kwenye kaseti ya mjomba pale palikuwa uji. Sasa hivi nasikia sauti ya Roger iko juu kabisa kule nyembamba kama waya, ya Brian iko chini, na ya Freddie imeshika katikati.

Halafu kwa ajili ya hizi santuri wakampa Miles Showell, fundi wa studio za Abbey Road, huyu anachonga kwa nusu spidi. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yeye anaizungusha nusu ya hapo na muziki anaupiga nusu spidi vilevile, kwahiyo kile kijembe kinachochonga mfereji kinapata muda mara mbili ya kufuata zile sauti kali za juu, matoazi, herufi za S. Ukija kuipiga kwa spidi ya kawaida vyote vinarudi sawa. Ndiyo maana matoazi ya Roger Taylor kwenye hizi santuri yanalia tiii yanakufa taratibu, hayachani sikio.

#4

Mleta uzi nakuheshimu sana ila hapa nitakupinga. Mi nina CD za kwanza za miaka ya 80 za Queen na nina hizi za 2011, nimeziweka sambamba kwenye amplifaya moja. Za 2011 zimepandishwa sauti, ngoma hazirushi kama zamani, zimebanwa. Tusidanganyane hapo.

#5

Mkuu hujakosea na nafurahi umeziweka sambamba maana wengi wanabishana bila kusikiliza. Ni kweli za 2011 ziko juu kidogo, hata sikio langu linasikia. Ile vita ya sauti iliyoanza miaka ya 90, kila kampuni inataka CD yake isikike kubwa kuliko ya jirani, wanabana zile kilele za ngoma ili kila kitu kipande, imeharibu remasta nyingi sana za bendi za zamani, zipo ambazo siwezi kumaliza upande mmoja kichwa kinauma. Hizi hazijafika huko. Ukinipa nichague kati ya CD ya zamani yenye pumzi lakini nyembamba, besi ya John Deacon unaitafuta kwa tochi, na hii ambayo ngoma imebanwa kidogo ila besi ina mwili, mi nachukua hii. Deacon alikuwa hapigi noti ya ziada, kila noti ina kazi, na kwenye CD za zamani alionewa.

Ila ngoja nikupe pale ambapo hakuna ubishi, Innuendo. Hii ni albamu ya Februari 1991, ya mwisho Freddie akiwa hai, kafariki Novemba tarehe 24 mwaka huohuo. Ina karibu dakika 54. Santuri upande mmoja ukishapita dakika 22 hivi mifereji inabidi isogeane, na mifereji ikisogeana fundi analazimika kupunguza sauti na besi la sivyo inaingiliana. Dakika 54 kwenye santuri moja haiwezekani, kwahiyo santuri ya 1991 baadhi ya nyimbo zilikatwa. Yaani mtu amesimama kwenye maiki anaumwa, hawezi kutembea vizuri, anaimba vile, halafu wewe unapewa kipande. Kwenye hili boksi wameipa santuri mbili, wimbo mzima mzima, na nafasi imebaki. Made in Heaven nayo hivyohivyo, mbili. Na Queen II ya 1974 nayo mbili lakini kwa sababu nyingine, ile albamu upande wa kwanza unaitwa mweupe, karibu wote ni wa Brian na mmoja wa Roger, wa pili unaitwa mweusi, wote wa Freddie. Kwahiyo wametoa santuri moja nyeupe na moja nyeusi. Ukishikilia ile nyeusi mkononi unaelewa walichokuwa wanakiwaza vijana wale wakiwa hata kodi ya nyumba inawasumbua.

Hizo tatu zilizogawanywa ndizo zinazofanya 15 kuwa 18, kuna mtu atauliza.

#6

Boss niko Nairobi hapa, nimesoma yote. Sina rekodi pleya na hiyo boksi siwezi kuinunua saa hii, si nitasikia tu kwa simu? Ama ndio nimeachwa?

#7

Hujaachwa ndugu yangu, hili nilitaka kuliandika nikasahau. Fungua app unayotumia, tafuta albamu zao, utaona pembeni ya majina ya nyimbo imeandikwa Remastered 2011. Hiyo ndiyo kazi ileile ya Ludwig. Utakosa ule uchongaji wa nusu spidi na kitabu na rangi, lakini masta ni hiyohiyo. Fanya mambo matatu tu, ingia kwenye setingi za app ubadilishe ubora uwe wa juu maana mara nyingi inakuja imewekwa chini ili kuokoa bando, zima ile ekwalaiza ya simu, na tafuta hedifoni za waya hata za bei ya kawaida. Halafu usiguse shafo. Anza wimbo wa kwanza umalize wa mwisho, ukitoka katikati anza tena kesho.

Pa kuanzia kwako nakuchagulia Sheer Heart Attack, 1974. Wimbo wa pili unaanza na kudatisha vidole tu, tap tap tap, kabla piano haijaingia. Ukisikia ngozi ya kidole inavyokutana na kiganja, hedifoni zako ziko sawa.

#8

Uzi mzuri lakini moyo unaniuma kidogo. Tunahesabu tepu za Wazungu zilivyotunzwa na kusafishwa, za kwetu je? Mbaraka Mwinshehe nani amemfanyia boksi?

#9

Mkuu umenigusa na sitakukwepa. Ndiyo kitu kilichokuwa kinanizunguka kichwani wiki zote tatu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi karibu kila bendi nchi hii ilipokuwa na bendi, NUTA, Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar Jazz, tepu na tepu, sasa ziko mikononi mwa TBC. Zilirekodiwa kwenye chumba kimoja, maiki chache, mara moja wanamaliza, na ukizisikia vizuri zina uhai ambao studio ya leo haina. Mbaraka amefariki Januari 1979 na nyimbo zake wengi tunazo kwa kopi ya kaseti iliyotoka kwenye kopi ya kaseti iliyotoka redioni. Hiyo ndiyo trebo iliyopotea ya mjomba wangu, sasa zidisha kwa taifa zima.

Siyo kwamba hakuna kilichofanyika. Kuna ule mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, ulianza 2005 na taarabu ya kikundi cha Ikhwani Safaa wakitimiza miaka mia, wa tatu ukawa na bendi za bara za miaka ya 60. Tafuteni. Lakini Queen wamewezekana kwa sababu tepu za kwanza zipo, zimeandikwa tarehe, ziko sehemu kavu yenye ubaridi. Ile gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye tepu inanyonya unyevu, ikishanyonya inanata, ukiipiga inavuliwa unga wake palepale na muziki unaondoka nao. Mafundi wanazioka kwenye joto la nyuzi hamsini na kitu kwa masaa ili wapate nafasi ya kuzinakili kabla hazijanata tena. Sasa unyevu wa Dar na Unguja mnaujua wenyewe. Mwenye tepu au santuri ya babu yake kwenye dari aishushe leo, asiipige kwanza, aiweke pakavu, atafute mtu anayejua.

#10

Mkuu mleta uzi umetuacha hewani, mjomba umemsikilizisha?

#11

Nimemsikilizisha mkuu, nilisubiri mniulize.

Wikiendi iliyopita nilivuka na boti, nikabeba ile albamu ya 1975 peke yake, nimeifunga kwenye kanga mbili, na rekodi pleya yangu ndogo. Mjomba siku hizi macho hayamsaidii sana lakini masikio yapo. Nikamshikisha kava akapapasa ile nembo ya simba na kaa na ndege, Freddie ndiye aliyeichora mwenyewe alisoma sanaa chuo cha Ealing, simba wawili ni Deacon na Taylor kwa nyota zao, kaa ni Brian, na wale vibwengo wawili ni yeye Freddie.

Kulikuwa na ugomvi wa siku nyingi kati yetu. Kwenye upande wa pili kuna wimbo Brian anaimba na ukulele, wa mzee anayekumbuka ujana wake, na katikati inaingia bendi nzima ya jazi ya kizamani, klarineti, tromboni, tarumbeta. Mjomba tangu nikiwa mdogo anasema hawa walileta wapulizaji na akawa ananionyesha kwa vidole klarineti inavyoshikwa pale. Mimi nilikuja kusoma baadaye kwamba hakuna mpulizaji hata mmoja, ni gitaa la Brian, lile alilolitengeneza na baba yake kwa mbao ya shelfu la juu ya jiko la kuotea moto, analipiga kwa sarafu badala ya piki, likapitishwa kwenye kiamplifaya kidogo ambacho Deacon alikiunga kwa vipuri alivyovikuta kwenye takataka. Brian alikaa akarekodi mstari wa kila chombo kimoja kimoja. Nilimwambia mjomba hayo kama miaka kumi iliyopita akakasirika, akasema miye nimepuliza miaka thelathini, utanifundisha wewe.

Safari hii sikumwambia kitu. Nimeweka tu. Jioni, umeme upo, wamefunga madirisha kwa ajili ya mbu. Ile sehemu ikafika akaanza kuchezesha vidole kwenye goti kama kawaida yake, mara vidole vikasimama. Akasema rudisha. Nikanyanyua sindano nikarudisha. Akasikiliza kainamisha kichwa. Rudisha tena. Mara ya tatu akanyoosha mkono nikajua anataka ninyamaze, na mimi nilikuwa sijasema neno.

Ilipoisha akakaa kidogo. Akasema, mjomba, hichi chombo hakivuti pumzi.

Akaniambia niipige yote tangu mwanzo.